Kupanga Maneno na Kutafuta Njia: Historia ya Mazoezi Mawili ya Kompyuta, Kutoka Moscow hadi Osukuru

Msomaji akitazama ramani ya wilaya ya Tororo, mashariki mwa Uganda, ataona jina Osukuru karibu na mji wa Tororo, si mbali na mpaka wa Kenya. Akifungua maandishi ya wanajiolojia waliochunguza fosfeti ya vilima vya hapohapo, atakuta vinaitwa Sukulu. Mahali ni pamoja. Lakini majina hayo yakiingizwa katika orodha ya alfabeti, moja litakaa kwenye O na jingine kwenye S, na mtu asiye mwenyeji atadhani anasoma habari za sehemu mbili tofauti.

Jambo hili dogo lilituzuia njiani tulipokuwa tukiandaa mazoezi kwa ajili ya wanafunzi wetu waliokuwa wakienda kufundisha Kiswahili pande za Tororo na Busia, hasa wale wanaochanganya somo letu na somo la kompyuta. Wenzetu wa kompyuta walitupatia mazoezi mawili ambayo karibu kila anayeanza kuandika programu hupewa: kupanga orodha kwa mfuatano, na kutafuta njia fupi kati ya vituo. Walituomba tuyaweke katika Kiswahili. Tulidhani ni kazi ya alasiri moja ya kutafsiri maelekezo. Tulipoanza kuuliza mazoezi hayo yalitoka wapi, tuligundua kwamba la kwanza lilizaliwa mezani pa watu wa lugha, na kwamba la pili linarudi kwetu kwa mlango wa sarufi.

Tuanze na neno lenyewe. Utaratibu wa hatua kwa hatua unaofuatwa ili kupata jibu huitwa algorithimu, na jina hilo limetokana na la Al-Khwarizmi, mwanahisabati aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya 9. Kwa hiyo neno ambalo wanafunzi wetu hulitamka kwa woga kana kwamba limetua jana kutoka Marekani lina asili ya upande uleule uliotupatia hesabu, alfabeti na kitabu.

Sasa zoezi la kupanga. Mwaka 1959 kijana Mwingereza aitwaye Tony Hoare, mzaliwa wa Colombo, alikuwa mwanafunzi mgeni katika Chuo Kikuu cha Moscow. Alikuwa akishughulikia tafsiri ya kompyuta kutoka Kirusi kwenda Kiingereza. Kamusi ya Kirusi na Kiingereza ilihifadhiwa katika utepe wa sumaku, kwa mfuatano wa alfabeti, na utepe una tabia yake: husomwa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ukitaka neno lililo mwanzoni baada ya kusoma lililo mwishoni, sharti uurudishe nyuma wote. Sentensi, kwa upande wake, haiji kwa alfabeti. Kwa hiyo Hoare aliona kwamba ni bora maneno ya sentensi yapangwe kwanza, kisha yatafutwe yote katika mzunguko mmoja wa utepe.

Kwanza alifikiria njia moja ya kuyapanga. Aliiona ni ya polepole mno. Ndipo akabuni nyingine. Chagua neno moja liwe kipimo. Yote yanayolitangulia kialfabeti yatupe kushoto, yote yanayolifuata yatupe kulia. Kisha fanya vivyo hivyo kwa kundi la kushoto peke yake, na kwa kundi la kulia peke yake, mpaka kila kundi libaki na neno moja. Aliporudi Uingereza na kuajiriwa na kampuni ya Elliott Brothers, bosi wake hakuamini kwamba njia hiyo ingeishinda ile waliyokuwa nayo, wakawekeana dau la senti chache. Bosi alilipa. Njia hiyo ilichapishwa mwaka 1961, na hadi leo inafundishwa kila mahali panapofundishwa kompyuta. Ni nadra sana mwalimu kusimulia kwamba ilitokana na haja ya kutafuta maneno katika kamusi, na hilo tunaliona ni upungufu wa ufundishaji.

Sisi wa Kiswahili tuna habari zetu wenyewe za kupanga maneno, tena zilizotangulia za Hoare. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoanza kazi mwaka 1930, Uganda ikiwa mojawapo ya nchi zake, katibu wake wa kwanza alikuwa Frederick Johnson. Kamusi kubwa inayohusishwa na jina lake, iliyojengwa juu ya ile ya A. C. Madan ya mwaka 1903, ilitoka mwaka 1939, baada ya kifo chake. Swali lililowakabili watunga kamusi wa Kiswahili tangu wakati wa wamisionari ni hili: neno la Kiswahili linaanzia wapi? Chukua pika, mpishi, wapishi, mapishi, upishi, pikia, pikisha. Ukipanga kwa shina, ndugu hawa wote hukaa nyumba moja kwenye P. Ukipanga kwa herufi ya kwanza inayoonekana, wanatawanyika hadi M, U na W. Kamusi ya 1939 iliegemea sana upande wa shina, ikiweka nomino nyingi zilizonyambuliwa chini ya vitenzi vyake. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981, iliyotungwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam, ilichukua njia ya katikati: vitenzi vinaingizwa bila ku-, vivumishi kwa shina lenye kistari mbele, lakini nomino zinaingizwa na kiambishi chake cha umoja. Ndiyo maana ukiifungua utakuta herufi M imevimba kuliko jirani zake.

Kila mpango una mtu unayemfaa. Mpango wa shina unamfaa anayeijua sarufi tayari: anaona ukoo mzima wa neno kwa mtazamo mmoja. Mwanafunzi aliyekutana na wapishi kwa mara ya kwanza hawezi kujua kwamba aende P, na ubadilikaji wa k kuwa sh unamfungia hata mlango wa kubahatisha. Hapa ndipo habari za Osukuru zinapokuwa nzito. Katika wilaya ya Tororo wanaishi Wateso na Wapadhola, ambao lugha zao ni za Kinailoti, na upande wa Busia wako Wasamia, ambao ni Wabantu. Kiswahili kimekuwa hapo siku nyingi, katika reli, sokoni, polisi na kambi za jeshi, lakini shuleni historia yake ni ya kusukumwa na kuvutwa. Gavana Gowers alikipendekeza mwaka 1927, Kabaka Daudi Chwa akakipinga mwaka 1929. Kamati ya Lugha yenyewe ilihamia Makerere mwaka 1952, wakati ambapo ndani ya shule za Uganda Kiswahili kilikuwa hakina nafasi ya kutajika. Kikatangazwa lugha ya taifa mwaka 1973, kikaingizwa katika katiba kama lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na Julai 2022 baraza la mawaziri likaagiza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Mtoto wa Osukuru anayeagizwa leo kutafuta neno katika kamusi analipa gharama ya uamuzi wa upangaji uliofanywa na watu waliokwisha kujua lugha.

Kwa hiyo tuliamua zoezi la kwanza lisiwe na namba, kama lilivyo katika vitabu vingi, bali liwe na majina ya watu wa hapo. Tukachagua tisa: Etesot, Iteso, Ateso, yaani Mteso mmoja, Wateso, na lugha yao, Japadhola, Jopadhola, Dhopadhola, kwa mpangilio huohuo, na Omusamia, Abasamia, Lusamia. Kompyuta ikiyapanga kwa alfabeti inatoa Abasamia, Ateso, Dhopadhola, Etesot, Iteso, Japadhola, Jopadhola, Lusamia, Omusamia. Wasamia wengi wanakuwa wa kwanza kabisa na Msamia mmoja anakuwa wa mwisho kabisa, na mataifa yote mengine yamepita katikati yao! Darasa lilicheka, lakini kicheko hicho kilifundisha zaidi ya ubao mzima. Mteso, Mpadhola na Msamia, kila mmoja aliona kwamba lugha ya kwao nayo hubadilisha mwanzo wa neno, na kwamba ngeli za Kiswahili si ukatili uliobuniwa pwani kwa ajili ya kuwatesa.

Shule nyingi hazina kompyuta za kutosha, na si lazima ziwe nazo kwa zoezi hili. Kadi 64 zilizokatwa kutoka kwenye maboksi zinatosha, kila moja na neno lake. Kundi moja lipange kwa kuingiza kadi moja moja mahali pake, huku mwenzao akihesabu kila ulinganisho. Hali ikiwa mbaya kabisa, watafikia ulinganisho 2,016. Kundi la pili ligawe kadi nusu kwa nusu mpaka zibaki moja moja, kisha liziunganishe mbili mbili, nne nne, nane nane. Kwa njia hii, iliyobuniwa na John von Neumann mwaka 1945, hawatavuka 321. Wanafunzi wetu walishuku hesabu hiyo mpaka walipoifanya kwa mikono.

Kisha tukafika penye utelezi. Tuliwaambia waandike programu itakayopanga kwa shina, yaani ikate viambishi awali kwanza. Tulidhani tumewapa jambo la nusu saa. Programu ya kwanza ilikata wa- katika walimu, vizuri, ikabaki na limu. Ikakata wa- katika wakati, ikabaki na kati, na wakati ukapangwa kando ya katikati. Ikakata ki- katika kiti, na hapo angalau ilikuwa na haki. Ikakata ki- katika kisu, sawa. Ikakata ki- katika kila, ikabaki na la. Wali wa kula ukawa li. Mwanafunzi mmoja akashauri tuipe programu orodha ya maneno yasiyokatwa. Mwingine akauliza orodha hiyo ataitoa wapi, naye akajibiwa: kwenye kamusi. Tukawa tumezunguka na kurudi tulipoanzia: ili kupanga kamusi kwa shina, unahitaji kamusi. Kosa hilo lilikuwa letu walimu, si la wanafunzi, maana tuliuliza swali la sarufi tukalivisha nguo za hesabu.

Kuna na suala la ng'. Kompyuta haipangi herufi kwa sauti, inapanga kwa namba za msimbo. Katika msimbo uitwao ASCII, ambao toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1963, alama ya kidole juu ni 39, herufi kubwa zinaanzia 65 na ndogo zinaanzia 97. Matokeo yake ng'ombe anatangulia ngano na ngamia, na Osukuru, kwa kuwa inaanza kwa herufi kubwa, inatangulia asali. Hilo linavumilika. Lakini programu nyingi za kuandikia barua hugeuza alama ile iliyonyooka kuwa iliyojipinda, ambayo namba yake ni 8217. Hapo ng'ombe yuleyule anaruka kutoka mbele ya ngano hadi nyuma ya nguo na ngwe. Mwalimu mwenye orodha iliyoandikwa na watu wawili anaweza kukuta ng'ombe mara mbili, kila mmoja katika zizi lake, na asijue kwa nini.

Zoezi la pili, la kutafuta njia, lilianza kwa namna ya kustarehesha zaidi. Mwaka 1956 Mholanzi Edsger Dijkstra alitakiwa kuonyesha uwezo wa kompyuta mpya iitwayo ARMAC kwa watu wasio wa taaluma yake. Alitaka swali ambalo kila mtu angelielewa: njia fupi kutoka Rotterdam hadi Groningen ni ipi? Siku moja, akiwa na mchumba wake huko Amsterdam, walichoka kutembea madukani wakakaa kunywa kahawa. Kwa muda wa kama dakika 20, bila kalamu wala karatasi, akalipata jibu. Ramani ya maonyesho ilikuwa na miji 64, idadi ileile ya kadi zetu, ingawa tulizichagua kwa sababu 64 hugawanyika vizuri nusu kwa nusu. Maandishi yake yalitoka mwaka 1959, kurasa tatu tu.

Wazo lake ni hili. Anzia ulipo. Kila kituo kipe gharama ya kukifikia inayojulikana hadi sasa. Kisichojulikana kihesabu kuwa mbali mno. Kila mara chagua kituo ambacho hujakipita na ambacho gharama yake ni ndogo kuliko vingine vyote, kisha tazama kama kupitia hapo kunapunguza gharama ya majirani zake. Endelea mpaka ufike. Linadai sharti moja, kwamba hakuna kipande cha njia chenye gharama chini ya sifuri, sharti ambalo msafiri yeyote wa Malaba atalikubali, maana hajawahi kupita barabara inayomrudishia muda.

Wanafunzi walichora Osukuru, Tororo, Malaba, Busia, Mbale, Iganga na Jinja, wakaulizia madereva wa bodaboda na wa teksi muda wa kila kipande. Hapo ndipo walipojua kwamba gharama si kilomita. Barabara ya udongo ina gharama moja kiangazi na nyingine masika. Mpakani kuna gharama ya kusubiri, ambayo ilibadilika kituo cha pamoja cha Busia kilipozinduliwa rasmi mwaka 2018 na msafiri akaanza kukaguliwa upande mmoja badala ya pande mbili. Na mpaka wenyewe haukuwepo hapo daima: hadi mwaka 1902 nchi ya mashariki ya hapo, mpaka bonde la ufa, ilihesabiwa kuwa ya Uganda. Mstari ulipohamishwa, Wateso wakajikuta wako pande zote mbili bila wao kuhama.

Reli nayo ni somo. Mwaka 1901 ilifika Kisumu, na kwa miaka 30 mizigo ya Kampala ilishushwa hapo, ikapandishwa melini, ikavuka ziwa, ikashushwa tena. Njia ya moja kwa moja ilipojengwa kutoka Nakuru, ilipanda Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari, ikapita Eldoret, Malaba na Tororo, ikafika Kampala mwaka 1931. Hakuna algorithimu ambayo ingeichagua milima ile kwa kuangalia umbali na mwinuko peke yake. Walowezi wa Uasin Gishu walitaka reli ipite kwao, na matakwa yao yalihesabiwa katika gharama. Tuliwaambia wanafunzi watafute ni namba gani wangeipa siasa. Hawakukubaliana, nasi hatukuwalazimisha.

Tulisema kwamba zoezi hili linarudi kwetu kwa mlango wa sarufi. Tangu mwaka 1985, Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alijenga mfumo wa kuchanganua Kiswahili kwa kompyuta, ambao baadaye uliitwa SALAMA. Kiini cha uchanganuzi wa aina hiyo ni mtandao wa vituo, kama ramani ya miji. Neno linaingia mwanzoni, linapita kituo cha kiambishi cha nafsi, kisha cha njeo, kisha cha kirejeshi kama kipo, kisha cha mtendwa, kisha mzizi, kisha minyambuliko, hadi kiishio. Likifika mwisho bila kukwama, ni neno la Kiswahili, na njia lililopita ndiyo uchanganuzi wake. Neno yaliyompata linapita ya, li, yo, m, pata. Neno wakati likijaribu kupita njia ya wa- linakosa mzizi unaofaa mbele yake, linarudi, na kuingia kama nomino nzima. Utelezi wetu wa zoezi la kwanza una dawa, basi, lakini dawa yenyewe ni ramani ya sarufi ambayo lazima mtu aichore, kituo kwa kituo, na wenzetu wa kompyuta hawawezi kuichora bila mtu wa Kiswahili kuketi kando yao.

Mwisho tuliwapa neno moja wasafiri nalo katika mtandao huo: alimwaga. Kundi la kwanza lilipita a, li, mwaga, likafika salama na maji yamemwagika. Kundi la pili lilipita a, li, mw, aga, likafika salama vilevile, na mtu ameagwa. Njia ni mbili, gharama ni karibu sawa, na Dijkstra hasaidii kitu. Mwanafunzi mmoja anayetoka Osukuru alisema angeuliza kwanza neno linalofuata: kama ni uji, au kama ni mama yake. Zoezi la muhula ujao tumelianzia hapo.